Ndiyo ya Kuvutwa

Jumatatu nilimpigia Algot Renström wa Åsele,
mimi nikiwa Stockholm, ghorofa ya sita,
maswali kumi na moja mezani, kila moja na mkia wake:
Je, mwenye bima anathibitisha ya kwamba,
kwa mujibu wa kifungu cha nne, aya ya pili,
hasara iliyotokea haikusababishwa na uzembe wake
au wa mtu yeyote aliye chini ya dhamana yake?

Upande wa pili: fyu.
Kama mtu aliyetia kidole cha mguu kwenye maji ya barafu.
"Haloo?" nikasema. "Haloo, upo?"
Fyu.
Nikaandika: Laini mbovu. Mteja hajibu.

Jumatano tena. Alhamisi tena.
Nilisoma polepole, silabi kwa silabi,
kama anayemlisha mgonjwa kwa kijiko.
Fyu. Fyu. Halafu saa ya ukutani, ikitembea.
Faili likapigwa muhuri: HAKUTOA USHIRIKIANO.
Sitadanganya kwamba nilikosa usingizi. Nililala fofofo.

Februari kesi ya mtu mwingine ikanipeleka kaskazini,
mchana kutwa ndani ya basi, theluji imefika madirishani.
Dukani, mbele yangu, mama mwenye kofia ya sufu.
Muuzaji: "Mfuko?"
Fyu.
"Na risiti?"
Fyu.
Akalipa, akaenda zake, wala hakuna aliyeshangaa.
Kijana aliyefuata, betri na maziwa: fyu, fyu.
Foleni nzima ilikuwa ikikubali kwa kuvuta pumzi,
midomo imechongoka kidogo, nyusi juu,
ndiyo isiyotoka nje, ndiyo inayoingia,
kana kwamba jibu nalo ni joto
na mwenye akili halipotezi ovyo.

"Samaki wako nimkate?"
Nami nikafungua kinywa, nikamwaga sentensi nzima,
ningeshukuru sana endapo ungeweza, kama si usumbufu,
hata muuza samaki akashusha kisu, akangoja iishe.

Usiku, hotelini, nikazisikiliza zile simu upya.
Swali la kwanza: fyu.
La nne: mbili, za haraka. Ndiyo, ndiyo, endelea.
La saba: nyembamba, ya puani kidogo,
ndiyo, lakini wewe wa mjini unajua nini kuhusu misonobari?
Mzee alikuwa amejibu yote, siku zote tatu.

Isipokuwa la tisa.
Je, mbali na mwenye bima, yupo mtu mwingine
mwenye makazi ya kudumu katika nyumba husika?
Nilirudisha mara nne.
Saa ya ukutani. Kiti kikilia. Bomba likafunguliwa, likafungwa.
Hicho peke yake ndicho kilikuwa kimya.
Mimi nilikuwa nimeandika kimya kila mahali.

Asubuhi nikaenda.
Misonobari mitano ililala juu ya ghala, bado ina harufu.
Mlangoni jozi mbili za skii, moja imefungwa kwa kamba.
Algot alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania.
Akanivutia kiti. Fomu nikaikalia.

"Kishindo kilikuwa kikubwa?"
Fyu.
"Usiku?"
Fyu.
"Na ulikuwa peke yako."
Hilo sikuuliza, lilinitoka tu.
Akatazama dirishani, akapumua,
nje safari hii, pumzi ndefu, kioo kikapata ukungu,
na hadi leo sijui kwa lugha yao
hilo ni neno gani.

Kisha akainua birika la kahawa, akaliinamisha,
nyusi zake zikauliza.
Nikachongoa midomo, nikavuta.
Nilivuta nyingi mno, ikanipalia,
nikakohoa mpaka machozi, meza ikatikisika,
naye, bila kungoja niwe sawa,
akamimina.